Jiwe Kwenye Kioo cha Pili

Tarehe 4 Februari

Kwa Mkuu wa Chumba cha Vipimo,
Kituo cha Kutazama Nyota.

Salaam. Mimi ni baba wa yule msaidizi wako aliyefariki mwezi wa kumi na moja. Hatukupata kuonana. Siku ya mazishi niliona shada lenye karatasi ya ofisi yenu, nikaambiwa aliyelileta ameondoka mapema kuwahi basi. Kama ni wewe, nashukuru kwa kufika.

Naandika kwa mambo mawili. La kwanza ni vitu vyake. Kama kuna chochote kilichobaki mezani kwake, hata kikombe, naomba kitumwe kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha.

La pili ni jiwe. Mwaka jana mwezi wa saba alikuja nyumbani siku tatu, akanieleza kuwa ameona jiwe angani ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliona. Si nyota, alisema, ni jiwe, linazunguka jua kama sisi, ila mbali kuliko Mirihi, kuelekea upande wa Mshtarii. Alinichorea kwenye karatasi ya kufungia sindano: jua, sisi, Mirihi, kisha ukanda mpana wa vitone. Akatia kitone kimoja ukingoni mwa nje, akakizungushia duara. Karatasi ninayo.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Shule niliishia darasa la saba. Sijui kama jambo hilo linawezekana kwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwaka wake wa pili kazini. Dada yangu ninayeishi naye, yaani shangazi yake, anasema mtoto alikuwa anatufurahisha tu kwa sababu alishajijua mgonjwa. "Jiwe!" anasema. "Kwani huku chini yameisha?" Si mtu mbaya, ana mdomo tu.

Nataka kujua kama ni kweli. Kama si kweli pia nitashukuru kuambiwa.

Wako,
Baba yake, fundi cherehani


Tarehe 19 Februari

Kwa Mzee Fundi,

Pokea pole zangu na za wafanyakazi wenzangu.

Nimepitia daftari la taarifa zote ambazo kituo chetu kilituma mwaka jana kwenye ofisi kuu inayoorodhesha sayari ndogo, ambazo binti yako aliziita mawe. Hakuna taarifa iliyotumwa kwa jina lake.

Nieleze kidogo. Tunapiga picha za anga kwenye vioo. Jiwe likiwapo huonekana kama kitone kinachosogea kutoka kioo cha usiku mmoja hadi cha usiku mwingine, wakati nyota zimetulia. Lakini chembe ya vumbi au mkwaruzo kwenye kioo huweza kufanana kabisa na kitone hicho. Wasaidizi wapya hudanganyika hivyo mara kwa mara. Si aibu.

Binti yako alikuwa na bidii na mwandiko mzuri. Vitu vyake vimefungwa kwenye sanduku moja, litakufikia kwa basi la mizigo.

Mkuu wa Chumba cha Vipimo


Tarehe 12 Machi

Kwa Mkuu wa Chumba cha Vipimo,

Barua imefika, na sanduku limefika. Nashukuru kwa yote mawili.

Kuhusu jiwe, nimekuelewa. Nilimsomea shangazi yake ile sehemu ya vumbi na mkwaruzo. Nilidhani atasema "nilikwambia", ila alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Basi tumelimaliza hilo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na sweta, kikombe kisicho na mkono, lenzi ya kukuzia, peni tatu na saa yake ya mkononi. Sweta nimelitundika. Kikombe nimeanza kukitumia. Ukikishika chai ikiwa moto unaunguza vidole, sasa najua kwa nini alikuwa mnywaji wa polepole.

Nikuchekeshe kidogo, na unisamehe. Nyumbani alikuwa anakuita Mama Rula. Alisema hata ukienda kupiga chafya unapima kwanza umbali wa mtu wa karibu. Hakuwa anakutukana. Yeye naye tulimpa jina, tulimwita Maswali, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kazi na kuuliza cherehani inajuaje kuwa uzi umeisha. Haijui, nilimwambia, inaendelea tu kutoboa. Jioni akasema, "Basi ni mjinga."

Saa hiyo nilimpa mimi alipofaulu kidato cha nne. Betri yake ni nzima, ilikuja ikitembea. Nilipomkabidhi niliiweka kwa majira yetu ya mdomoni: jua likichomoza mishale inaonyesha kumi na mbili, watu wakila cha mchana inaonyesha saba, na usiku vivyo hivyo. Mimi saa za kiofisi, za kuhesabu kuanzia katikati ya usiku, hazijawahi kuniingia kichwani. Nilidhani akifika kwenu ataigeuza. Hakuigeuza. Leo nimeitazama wakati wa chakula cha mchana, mshale ulikuwa kwenye saba kamili. Nakumbuka aliwahi kuniambia, "Ukutani kazini kuna saa ya ofisi, Baba, mkononi nina ya kwako. Nikitaka kuandika nageuza kichwani, si kazi kubwa."

Nimeivaa mimi. Mkanda ni mfupi, lakini unafika.

Sitakusumbua tena.

Baba yake


Tarehe 20 Aprili

Kwa Mkuu,

Nilisema sitakusumbua, na sasa nakusumbua. Hujanijibu barua ya Machi. Ni kweli haikuwa na swali, kwa hiyo hudaiwi jibu. Ila shangazi yake ameniandama kuwa umekasirika kwa lile jina la Mama Rula. Amesema, "Mtu mzima unaandikiaje ofisi ya serikali habari za rula?" Kama ni hilo, naomba radhi.

Fundi


Tarehe 30 Mei

Kwa Mzee Fundi,

Sikukasirika kwa jina. Nilikuwa nafanya hesabu, na sikutaka kukuandikia kabla hazijakamilika.

Barua yako ya Machi niliisoma mezani, saa za kazi. Nilipofika kwenye habari ya saa nilisimama.

Februari sikukuambia yote. Niliandika kuwa hakuna taarifa iliyotumwa. Hiyo ni kweli. Sikuandika kuwa binti yako aliniletea taarifa hiyo mezani kwangu mwezi wa sita, imeandikwa vizuri, na kwamba mimi ndiye niliyeizuia.

Alikuwa na vioo vitatu vya usiku tatu zilizofuatana. Kwenye kila kioo kulikuwa na kitone. Jiwe la kweli huenda kwa mwendo ule ule, kwa hiyo ukijua saa ya kila picha unajua kila kitone kinapaswa kuwa wapi. Kitone cha kwanza na cha tatu vilikuwa sawa. Cha pili kilikuwa nje kabisa ya mahali pake. Nikasema hivi si jiwe moja, ni vumbi la aina tatu. Nikapiga mstari mwekundu juu ya ukurasa. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Binti, hapa hatukusanyi vumbi." Mmoja alicheka. Wiki iliyofuata nilimwondoa kwenye darubini, nikampeleka stoo kupanga vioo vya zamani. Alipokuja kwako mwezi wa saba alikuwa ameshahamishwa. Alibaki stoo mpaka alipougua asirudi.

Sasa kuhusu saa. Usiku wa pili umeme ulikatika na saa ya ukutani ikasimama. Darubini yetu huzungushwa kwa mkono umeme ukikosekana, kwa hiyo aliendelea. Alipata kioo kimoja tu, kisha mawingu yakafunga. Kwenye daftari aliandika 4:20. Sisi tunaandika kwa saa za kiofisi, nami nikasoma kuwa picha ilipigwa karibu na alfajiri. Lakini yeye alikuwa ametazama mkononi. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini usiku, ambayo kwetu huandikwa 22:20. Alisahau kugeuza. Kila siku nyingine aligeuza. Nimepitia daftari zima, hakuna kosa kama hilo jingine. Pembeni mwa ukurasa ule ameandika "baridi kali sana". Msaidizi mwingine wa zamu ile ameniambia walikuwa wamevaa mikono mifupi. Nadhani ilikuwa homa, na nadhani ndiyo ilikuwa inaanza.

Nilirudisha saa sita nyuma. Vitone vitatu vilikaa kwenye mstari mmoja kama vishikizo vya shati.

Nikapiga hesabu ya njia yake na kulitafuta kwenye vioo vya zamani. Limo kwenye kioo cha miaka minne iliyopita, na kwenye kingine cha miaka tisa iliyopita, hakuna aliyeligundua. Vioo hivyo nilivipata kwa dakika chache kwa sababu yeye ndiye aliyevipanga. Wiki iliyopita wenzangu walielekeza darubini mahali hesabu inaposema. Lipo.

Upana wake unakaribia kilomita kumi na moja. Linalizunguka jua mara moja kwa miaka mitano na nusu. Kule ukanda wa nje mawe mengi ni meusi kama makaa. Hili si jeusi. Mwanga wake ni wa mwamba wa kawaida, kijivu chenye wekundu kidogo.

Taarifa nimeituma jana kwa jina lake. Mkurugenzi nimemweleza kwa maandishi kosa lilikuwa la nani.

Ulitaka kujua kama ni kweli. Ni kweli.

Mama Rula


Tarehe 14 Juni

Mama,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, shangazi yake akiwa amesimama mlangoni na ndoo.

Nilingoja kukasirika. Siku ile nilikuwa na cherehani moja tu ya kutengeneza, kwa hiyo nafasi ya kukasirika ilikuwepo kubwa. Haikuja. Nilifungua cherehani, nikaitia mafuta, nikaifunga, mwenyewe akaja kuichukua akaniambia umefanya kazi nzuri. Nikamwambia asante.

Sikujua kuwa alikuwa stoo. Alituambia anashughulika na vioo. Niliona ni cheo.

Nami nina la kukuambia ambalo sikuliandika Februari. Nilikuandikia kuwa shangazi yake ndiye aliyesema mtoto anatufurahisha tu. Nilimsingizia sehemu. Yeye alicheka jikoni, siku ile ya mwezi wa saba, mtoto akimsikia, na habari ya makusudi ya kutufurahisha aliisema baadaye, baada ya msiba. Aliyemwambia mtoto mwenyewe ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Alikuwa amelala chumba cha mbele kwa sababu kina dirisha. Nilikuwa namlisha uji, kijiko kimoja kimoja, akaanza tena habari ya jiwe. Alisema, "Baba, nimelihesabu upya kichwani, kuna kitu kimekosewa lakini si jiwe." Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia, "Maswali, mwanangu, acha kuhangaika kunifurahisha. Mimi nakupenda hata bila jiwe."

Nilidhani nimesema neno zuri sana. Nilijisikia baba mwema. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, Baba." Aliishi siku ishirini na mbili baada ya hapo na hakulitaja tena. Tuliongea mengine: bei ya sukari, paka wa jirani, kama niuze ile cherehani ya miguu. Aliuliza maswali mengi kama kawaida yake. La jiwe alilifunga.

Kwa hiyo ule mstari mwekundu usiubebe peke yako. Wewe ulikuwa na vitone vitatu visivyokaa sawa. Mimi nilikuwa na mtoto.

Shangazi yake amenuna siku mbili. Jana ametoka na neno. Anasema ameishi miaka sitini na moja, ukoo wetu haujawahi kumiliki hata kiwanja cha choo, leo tuna jiwe la kilomita kumi na moja na hakuna njia ya kulipangisha.

Fundi


Tarehe 2 Oktoba

Mzee Fundi,

Mwaka mmoja na miezi zaidi ya mitatu imepita tangu barua yako ya jiwe na uji. Sikuijibu. Niliisoma mara nyingi, sikujua nijibu nini kisichokuwa cha kiofisi.

Sasa ninalo la kiofisi. Jiwe limefuatiliwa vya kutosha, njia yake inajulikana, na ofisi kuu imelipa namba ya kudumu. Kwenye safu ya mgunduzi limeandikwa jina la binti yako. Nakala ya ukurasa huo ipo ndani ya bahasha. Nimeweka alama ya peni pembeni ili usipate taabu kuutafuta mstari.

Jiwe lenye namba huweza kupewa jina. Kwa kawaida mgunduzi ndiye anayependekeza. Niliwaandikia kueleza hali ilivyo, wamekubali upendekeze wewe, nami nipeleke. Masharti: liwe neno moja, lisizidi herufi kumi na sita, lisiwe la biashara wala la siasa. Chini yake iandikwe sababu, fupi. Wengi huweka jina la mtu. Nilidhani ungependa kuweka lake.

Nastaafu mwisho wa mwaka, na ningependa nilipeleke mimi.

Mama Rula


Tarehe 18 Oktoba

Mama,

Nimeliona jina lake. Nililitazama kwa lenzi yake ya kukuzia ingawa maandishi yalikuwa makubwa ya kutosha.

Tangu habari itoke hapa dukani kila mtu ni kamati. Shangazi yake anataka jina la babu yetu. Mshona suti wa jengo la pili amependekeza Sindano, nikamwambia wamekataza biashara. Mama mmoja aliyeleta cherehani yenye kutu amesema tungelipa jina la Mungu ili lisije likatuangukia. Nilimweleza haliwezi kutuangukia, njia yake haifiki huku. Akasema, "Ndivyo wanavyosemaga."

Nami nilifikiria jina lake mwenyewe, siku nyingi tu. Lakini jina lake lipo tayari, kaburini, na kwenye vyeti, na sasa kwenye huo ukurasa wenu. Hakuwahi kuomba liende popote. Alipokuja na hilo jiwe, mara zote mbili, alikuwa anangoja neno moja kutoka kwangu, nami nikampa mengine mengi.

Nataka jiwe liitwe Nimekusadiki. Nimehesabu herufi, ni kumi na mbili. Ni neno moja.

Sababu nimeiandika hivi, ukiona imezidi ipunguze:

"Aliyeliona jiwe hili alimwambia mtu mmoja, na mtu huyo hakumsadiki. Jina hili ni jibu lake, limechelewa."

Fundi


Tarehe 30 Oktoba

Mzee Fundi,

Jina halina tatizo. Niliwauliza kwa simu kama neno lenye maana ya sentensi nzima linaruhusiwa. Wameuliza linatamkwaje, nikalitamka mara tatu, wakasema linatamkika.

Sababu nimeinakili kwenye fomu kama ulivyoiandika, isipokuwa mahali pamoja. Uliandika "mtu mmoja". Nimeandika "watu wawili", na maneno yanayofuata nimeyageuza yalingane. Naomba uniruhusu. Kama hukubali, niandikie kabla ya tarehe kumi na tano Novemba, ndiyo siku ninayoipeleka posta.

Mama Rula


Tarehe 6 Novemba

Mama,

Nimekubali.

Barua yako nilimsomea shangazi yake wakati anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha. Kisha akaniuliza kama hiyo fomu ina nafasi ya mtu wa tatu. Nikamwambia, "Wewe ulicheka tu." Akasema, "Alinisikia."

Kama maneno hayajazidi, andika watatu.

Fundi